Mgeni Kifuani mwa Zeituni

Watu wa Kaloleni walimjua Zeituni binti Athumani kwa mambo mawili: samaki wake wa kukaanga, ambao waliwala, na pepo wake, ambaye walimwogopa. Samaki waliwaagiza kwa mtu. Wenyewe hawakufika kibandani kwake karibu na gati la meli, maana ilisemwa kwamba pepo yule hakuwa na haya, angeweza kumwacha mwenye nyumba akamrukia mpita njia. Mkono wa Zeituni uliogusa samaki haukuwatisha. Zeituni mwenyewe ndiye aliyewatisha. Hivyo ndivyo walivyo watu, tumbo lao halina uoga.

Mambo yalianza zamani, alipokuwa mke wa Mbarak, mshona kanzu, na binti yao Raya akiwa mtoto wa kutambaa. Asubuhi moja Zeituni alikwenda Dunga, ufukoni mwa ziwa, kununua samaki wa ngege kwa wavuvi. Akamkalisha mtoto juu ya kanga, akainama kuinua kapu la samaki. Alipoinama tu, moyo ukaruka. Haukuanza polepole kama wa mtu anayepanda mlima. Ulikuwa kama mtu aliyesukuma mlango akaingia bila hodi. Ukaanza kwenda mbio, pigo juu ya pigo, bila kukosea, na mishipa ya shingo ikatutumka mpaka akahisi anakabwa. Macho yakaingia giza. Akaanguka kifudifudi ukingoni, uso ndani ya maji ya ziwa.

Palepale moyo ukanyamaza. Ukapiga pigo moja zito, kama mtu anayetua gunia, kisha ukarudi mwendo wake wa siku zote.

Zeituni alipoinua uso aliona mwanamke mmoja wa Kijaluo amemshika Raya mguu akimtoa majini, kichwa chini, mtoto akitapika maji. Mwanamke huyo aliitwa Aloo, lakini kila mtu alimwita nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa kuwa ndiko alikozaliwa.

"Mama, wewe umelala na mtoto anakwenda kuoga?" nyar Seme alimwuliza. Kisha akamtazama usoni, akaacha mzaha.

Raya hakupata madhara. Lakini habari zilifika Kaloleni kabla ya samaki.

Mbarak alimwita Bi Somoe, fundi wa kupunga pepo, mwanamke mnene aliyekuja na reli kutoka pwani na kuzeeka papa hapa. Bi Somoe alimwuliza maswali, na kila jibu alilolipata alilipokea kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayehesabiwa haki yake.

"Anakuja ukiinama?"

"Ndiyo, Bi Somoe. Mara nyingi nikiinama."

"Anaondoka ukitia uso majini?"

"Aliondoka hivyo."

"Na akishaondoka, unapata haja ndogo?"

Zeituni aliona haya. "Nyingi mno. Nyeupe kama maji ya mtungi. Nakwenda, narudi, nakwenda tena."

"Basi!" Bi Somoe akapiga paja. "Ni Bibi wa Maji. Anakuinamisha kwake, anataka maji yake, na akitoka anakuachia maji yake. Unataka nikuambie nini zaidi?"

Mambo yaligusana kama vigae vya chungu kimoja. Akapigiwa ngoma. Akavalishwa kanga nyeupe, akafukizwa ubani mpaka akakohoa na kutokwa damu puani, na kila moyo ulipoanza mbio Bi Somoe alimshika kisogo akamzamisha uso katika karai la maji baridi yenye marashi. Pepo alikuwa akitii. Ndiyo iliyokuwa balaa. Kama asingetii, huenda watu wangetafuta jina lingine.

Mbarak alikaa na hayo mwaka mmoja. Kisha akasimama mbele ya wazee akasema Bibi wa Maji alikuwa amejaribu kumchukua mtoto Dunga na angejaribu tena, na kwamba pepo hurithishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti wakilala kitanda kimoja. Wazee wakasema mwenye pepo hana haki ya kulea. Zeituni akapewa talaka zake tatu na sanduku la nguo. Kabla eda yake haijaisha, Subira, binti wa mfanya biashara wa ngozi, alikuwa ameshaingia katika nyumba ile na vyombo vyake vya shaba. Baba yake Subira hakutaka binti yake awe mke wa pili. Hilo lilijulikana mtaa mzima, lakini pepo ndiye aliyebebeshwa lawama.

Raya akalelewa na Subira. Walipokutana njiani na Zeituni, Subira alimfunika mtoto uso kwa ukaya.

Zeituni akaishi na mgeni wake. Utafanyaje? Alijifunza kuweka beseni la maji karibu na jiko la samaki. Alijifunza kuinama kwa magoti. Ijumaa alimwekea Bibi wa Maji kikombe cha marashi dirishani, na asubuhi akikuta kimepungua hakujiuliza sana juu ya jua au panya. Alizungumza naye. Alimtukana pia. Jioni, watu wa ziwani walipopiga madebe na sufuria kuwafukuza nyawawa, mizimu ile inayotoka majini na kupita na upepo, yeye alifunga dirisha akaketi kitandani ameshika kifua. Wao walifukuza wa nje. Wake alikuwa ameshafunga mlango kwa ndani.

Mwaka wa nzige ukapita, na miaka mingine baada yake, hata zikaja habari kwamba Raya anaolewa. Mchumba alikuwa mpwa wa Sheikh Yahya, imamu wa msikiti mdogo wa Kaloleni. Sasa katika mtaa ule, bibi harusi akioshwa kabla ya kusingwa liwa, maji ya kwanza humwagwa na mama mzazi. Kama mama amekufa, humwaga shangazi. Zeituni alikuwa hajafa.

Akaenda kwa Mbarak akasimama nje, nyuma ya ua.

"Sitaki chakula cha harusi," alisema. "Nataka maji ya kwanza tu. Nimwage, niondoke."

"Umwage maji?" Mbarak alicheka, sindano mdomoni. "Wewe na maji! Si ndiye bibi yako huyo? Unataka kumkabidhi mwanangu siku ya harusi?"

Subira aliongeza kutoka ndani, "Mwambie amwoshe yule kuku mweupe wa pepo wake!"

Zeituni hakurudi nyumbani. Alikwenda msikitini akamngoja Sheikh Yahya mpaka alipotoka. Sheikh alikuwa mtu mkavu, mwembamba, asiyependa ngoma za pepo, lakini pia hakutaka kumwudhi mtu.

"Binti Athumani," alimwambia akitazama viatu vyake, "mimi hayo ya Bi Somoe siyaungi mkono. Lakini mpwa wangu ana mama, na mama yake anaogopa. Nikimwambia si pepo, ataniuliza ni nini. Nimjibu nini?"

"Nikikuletea neno la daktari?"

"Daktari aliyeona kwa macho yake, ndiyo. Si aliyeambiwa. Na mimi mwenyewe niwepo. Hapo nitakupeleka kwa Mbarak kwa mkono wangu."

Daktari alikuwepo. Aliitwa Arvind, Mhindi kijana kidogo mwenye miwani, na chumba chake cha kutibu kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa katika mtaa wa madukani. Zeituni alikuwa ameshamwendea. Mara ya kwanza moyo ulimshika kibandani, akatia uso katika beseni, kisha akafunga kibanda akaenda. Daktari akatia mipira masikioni, akasikiliza kifua, akasikiliza mgongo.

"Moyo wako mzima, mama. Unakwenda kama saa."

Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu daktari alimpa dawa ya kutuliza wasiwasi, akamwambia apunguze chai. Na Kaloleni wakapata la kusema: hata daktari ametafuta hakuona kitu. Kama si pepo, angejificha vipi?

Safari hii Zeituni hakuketi kwenye kiti.

"Daktari, usinisikilize," alisema. "Leo mbio hazipo. Wewe ni kama mtu anayekuja kumtafuta mwizi mchana. Niambie nifanye nini umkute."

Arvind alivua miwani. Inawezekana alikuwa amechoka, au aliona haya kwa zile dawa. Akaanza kumwuliza upya.

"Unaanza polepole au ghafla?"

"Ghafla. Kama mlango."

"Na kuisha?"

"Kama mlango pia."

"Ukiinama ndiyo unaanza? Maji baridi usoni yanauzima? Na baadaye unapata mkojo mwingi, mweupe?"

Zeituni alishika ukingo wa meza. Yalikuwa maneno ya Bi Somoe, moja baada ya moja, katika mdomo wa mtu ambaye hakuwahi kumwona Bi Somoe. Kwa muda alidhani Bibi wa Maji amemwingia daktari.

"Nani amekuambia hayo?" alinong'ona.

"Vitabu," Arvind alisema. "Fundi wako alisema kweli yote, mama, isipokuwa jina. Lakini lazima niusikie. Moyo ukianza mbio tena, usitie uso majini. Usikohoe, usijikamue pumzi. Njoo nao."

"Njoo nao," Zeituni alirudia. Tangu siku ya Dunga hakuwahi kumwacha mgeni huyo akae zaidi ya muda wa kufikia beseni. Hakujua akiachwa atafanya nini. Bi Somoe alikuwa amesema: akinyimwa maji ataondoka na nyumba.

Wiki ya harusi ilifika na moyo umetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Zeituni aliinama kila mahali. Aliinama kibandani, aliinama njiani, aliinua mawe asiyoyahitaji. Hakuna kitu. Mgeni aliyemkimbia miaka yote sasa alikuwa akimtafuta, na mgeni anajificha.

"Mgeni wako amesafiri?" nyar Seme alimtania Dunga, siku moja kabla ya kuoshwa kwa Raya. "Labda amekwenda kununua nguo za harusi."

Zeituni alicheka bila kutaka, akainama kuchukua kapu. Mlango ukasukumwa.

Kapu likamdondoka. Ngege wakamwagika mchangani. Nyar Seme, aliyemjua, alikimbilia majini akachota kwa mikono.

"Hapana!" Zeituni alimpiga mikono, maji yakamwagika. "Usiniguse na maji. Nipeleke mjini."

"Mjini? Utakufa njiani, Zeituni!"

"Basi ubebe maiti uipeleke kwa daktari. Twende."

Wakatembea. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, liking'aa, na kila hatua lilimwita. Jasho lilimtoka baridi. Kifua kilikuwa kama debe linalopigwa na watu wengi kwa pamoja, na katikati ya kelele ile alimsikia Bibi wa Maji, sauti aliyoizoea kuliko ya mama yake. *Niinamie. Mara moja tu. Umewahi kuninyima?* Mara nne Zeituni aliketi kando ya barabara, na mara zote nyar Seme alimwinua kwa kwapa, akilalamika kwa Kijaluo na akilia. Vidole vya Zeituni vilikuwa vimekufa ganzi. Alidhani anamwona Raya mbele yao, mtoto wa kutambaa, akielekea majini bila kugeuka.

Mlango wa daktari ulifunguliwa na mkewe, Sumitra, mwenye unga wa chapati mikononi. Alipomwona Zeituni shingoni alimvuta ndani. Akamlaza, akamwita mumewe.

Arvind akatia mipira masikioni. Akaweka saa mbele yake, akajaribu kuhesabu, akaacha, akajaribu tena.

"Unanikimbia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha, Mungu amsamehe. "Hauhesabiki. Lakini umenyooka, haukosei hata pigo moja. Vizuri. Sasa nitakubonyeza hapa shingoni utulie."

Zeituni akamshika kifundo cha mkono. "Usiuzime."

"Mama?"

"Sheikh hajaja. Nyar Seme amekwenda kumwita. Usiuzime mpaka aone."

"Unaweza kuzimia. Unaweza kuanguka."

"Nilikwisha kuanguka, daktari. Hakuna aliyeniinua. Subiri."

Sumitra alimwambia mumewe kitu kwa lugha yao, kwa ukali. Yeye akajibu kwa ukali. Lakini akangoja, mkono juu ya shingo ile, bila kubonyeza. Zeituni alikaza macho kwenye boriti za dari. Hakusali. Alimwambia Bibi wa Maji: kaa. Umenitoa katika nyumba yangu, umeninyang'anya mtoto, sasa kaa kidogo kwa faida yangu, mshenzi wewe.

Sheikh Yahya aliingia akihema, akageuza uso alipoona mwanamke amelala.

"Tazama shingo tu, Sheikh," Arvind alimwambia. "Shingo haina dhambi."

Sheikh akatazama. Mishipa ilikuwa ikirukaruka chini ya ngozi kama kitu kinachotaka kutoka. Midomo yake ikaanza kusoma aya.

Arvind alibonyeza upande wa kushoto. Hakikutokea kitu. Akabonyeza upande wa kulia, chini ya taya, kwa vidole viwili, akisugua polepole. Mara kikaja kile kimya. Kisha lile pigo moja zito, na shingo ikatulia mbele ya macho ya watu wote.

Hapakuwa na ubani. Hapakuwa na ngoma wala karai. Palikuwa na vidole viwili vyenye harufu ya sabuni.

"Moyo una njia yake ya kupitisha amri ya kupiga," Arvind alimweleza Sheikh. "Kama reli. Wapo madaktari huko Ulaya wanaodhani watu wachache huzaliwa na njia ya pembeni. Amri ikiteleza ikaingia huko, inazunguka, inazunguka, haipati kutoka. Ukiishtua, kwa maji baridi au kwa kubonyeza hapa, inarudi njiani. Chombo cha kuonyesha njia hizo hapa hakipo. Lakini mbio hizi nimezisikia. Ni ugonjwa. Hakuna mtu mwingine ndani ya mama huyu."

Hakuna mtu mwingine. Zeituni alilala akisikiliza kifua chake, na kwa mara ya kwanza kilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Sheikh Yahya alikuwa mtu wa ahadi. Alimpeleka kwa Mbarak jioni ileile, akasimama uani akasema aliyoyaona. Mbarak alisikiliza, akatafuta njia ya kutokea.

"Haya, ni ugonjwa. Na ugonjwa wa moyo si hurithiwa? Mama wa mchumba hatauliza?"

"Nilimwuliza daktari kabla ya kuja," Sheikh alijibu. "Amesema hajui, hutokea kwa nadra. Nimemwambia dada yangu kwamba ni wa binti Athumani peke yake. Amekubali. Yamekwisha, Mbarak. Kesho mama wa bibi harusi amwage maji yake."

Asubuhi ya pili Zeituni aliingia katika nyumba aliyofukuzwa. Subira alimpisha mlangoni, macho chini. Katika chumba cha kuogea Raya alikuwa ameketi kwenye kigoda, kanga imefungwa kifuani, mrefu, mwenye mabega ya baba yake. Nje wanawake wa upande wa mchumba walipiga vigelegele.

"Shikamoo," Raya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Inama nikumwagie nywele."

Raya aliinama. Zeituni alimwaga kata ya kwanza, ile aliyoililia, na maji yakateremka shingoni mwa binti yake. Hapo akaona. Chini ya sikio, ngozi ilikuwa ikirukaruka.

Raya aliinua uso, midomo imegeuka rangi. Hakushangaa. Ndicho kilichomwumiza Zeituni, kwamba hakushangaa.

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu nilipovunja ungo. Sijamwambia mtu. Nilijua ni yule wako." Pumzi ilimkatika. "Nilidhani kwa kuwa hawakuruhusu uje kuniona, umemtuma yeye."

Nje vigelegele vilikuja tena. Mama wa mchumba alikuwa pale, nyuma ya ubao mwembamba wa mlango. Neno moja tu lingetosha, na Zeituni alijua neno hilo linavyotembea, na linakokwenda kulala. Njia za reli za daktari zingeeleweka na Sheikh mmoja. Kaloleni nzima ingeelewa Bibi wa Maji.

Alijaribu kukumbuka ni upande gani wa shingo, na ni wapi hasa. Akaogopa kukosea. Basi akavuta karai la maji baridi lenye marashi na majani ya mrehani, akamshika mwanawe kisogo, kama alivyoshikwa yeye na Bi Somoe, akamzamisha uso.

"Mbona kimya humo?" Subira aliita.

"Maji ni baridi," Zeituni alijibu, kwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote. "Anayazoea."

Chini ya kiganja chake alihisi mbio zile, na akahisi midomo yake mwenyewe ikitembea. Ilikuwa ikisema maneno ya zamani, yale ambayo jana aliambiwa hayana wa kuyasikia: toka, Bibi, huyu si wako, toka, nitakupa marashi. Alijua hakuna mtu. Aliyasema mpaka shingo ilipotulia.